Neno Ambalo Sikulifumua

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, neno liliponitoka nami nikaliacha. Mwanangu, wewe bado hujazaliwa na mimi bado navaa sare ya shule, lakini nakuandikia sasa nisije nikazeeka nikajifanya sikumbuki.

Utanijua kama mtu wa kusema na kurudi. "Nipe mkasi... hapana, uzi... yaani, ule mweupe." Shuleni wananicheka. Hapa nyumbani Kamembe, Nyanya alikuwa ananingoja nimalize, huku anakanyaga cherehani yake. Kisha vita vya Bukavu, ng'ambo ya mpaka, vikatuletea Zawadi, binti wa shangazi yangu, ambaye kwa desturi yetu ningemwita yaya, yaani dada mkubwa. Maneno yanamtoka kama bomba lililoachwa wazi. Nyanya akawa anacheka naye kutwa. Akampa kigoda cha kando ya cherehani. Kigoda changu. Wivu ulinikaa tumboni hata nikishiba.

Siku hiyo Maman Safi, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuja kupimwa kitenge.

"Na uyu mutoto muzuri, ni wa nani?"

Nikawahi. "Ni mkimbizi tu. Tunamlisha."

Cherehani ikasimama. Wote waliningoja, maana walinizoea: ningesema yaani, ningesema hapana. Nikaliacha neno lisimame. Nisikufiche, mwanangu, nilifurahi kidogo. Zawadi akainama, akajifanya anaokota pini.

Mteja alipoondoka, Nyanya akanitazama juu ya miwani.

"Weye unajisahihisha hata ukiomba chumvi. Leo neno moja limekushinda?"

"Limetoka tu, Nyanya."

"Halikutoka. Umelituma. Na hapa kwetu mshono ukiharibika, tunaufumulia wapi?"

Nilijua. Mbele ya mwenye nguo. Ndivyo afanyavyo Nyanya, hata mteja awe mkali namna gani. Hafichi kosa ndani ya pindo.

Basi mwanangu, usione haya kurudi nyuma katikati ya maneno. Wacha wacheke. Ona haya siku utakapojua neno lako linamuumiza mtu, ukaliacha lisimame kwa kuwa linakuburudisha. Mungu akujalie ulimi unaokubali kurudi, na watu wenye subira ya kukungoja.

Asubuhi yake nilimshika Zawadi mkono, tukateremka sokoni mpaka kwenye beseni la Maman Safi. Wanunuzi walikuwa wengi.

"Maman, jana nilikosea," nikasema. "Hapana... sikukosea, nilifanya kusudi. Huyu ni binti wa shangazi... yaani, huyu ni yaya wangu."