Presha, Papa Mkavu na Jiko Langu la Ijumaa

Jiko la Ijumaa nnalishika mimi tangu tulipohamia Mawaleh, hapa Maskati. Wanangu na wajukuu wote chakula cha mchana wanakula kwangu. Basi binti yangu mkubwa aliponambia atanipokonya, moyo ulinishuka. Kisa presha. Daktari wa Ruwi alinipa vidonge, nnavimeza kila asubuhi, akanikataza na chumvi. Nikaacha. Mkebe wa chumvi wenyewe nilimpa jirani, na kijiko chake. Lakini kila tukipima, presha iko juu.

"Mama, tunapima tena Ijumaa ijayo," binti akasema. "Isiposhuka, nnapika mimi."

Huyu binti, Mungu amhifadhi, wali wake ukiutupa ukutani unaganda. Hayo tuyaache.

Akafungua friji kunikagua. Akatoa papa mkavu, akatoa na achari ya ndimu.

"Na hivi, mama?"

"Huyo si papa, mwanangu? Sijamtia hata punje ya chumvi!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe miaka yote mimi chumvi nliyoijua ni ile inayotoka mkononi mwangu. Ile aliyotia mvuvi alipomkausha papa wake, nliona hainihusu. Na sisi tuliotoka Unguja mchuzi wa papa wa nazi tumekuja nao mpaka huku, na Waarabu wa hapa nao papa mkavu wanamla, sasa nani angenizindua?

Papa na achari yake vikaenda kwa yule yule jirani. Wiki nzima nikala samaki changu wa kuchoma, kwa ndimu, ukwaju na tangawizi. Siku ya kwanza nilitaka kulia, ya nne nikaramba vidole. Na jioni tunatembea mimi na mume wangu mpaka msikitini na kurudi, yeye mbele kama anafukuzwa, mimi nyuma nnamsimulia kisogo chake.

Ijumaa asubuhi binti akanifunga mashine mkononi.

"Dakika tano usiseme kitu, mama. Ukisema inapanda."

Dakika tano! Mimi hata usingizini nnasema. Na mume wangu anajua, akavuta kiti karibu.

"Bibi we, mchuzi wako wa juzi uliuonja? Nlidhani nimepewa dawa."

Nikauma mdomo.

"Na wali wa binti yako, wallahi, unaushinda wako."

Wali ule! Nikatazama dari, nikavuta pumzi, nikamwomba Mungu subira.

Mashine ikalia. Binti akasoma, akasoma tena, kisha akaenda jikoni, akarudi na upawa, akanikabidhi.

"Imeshuka. Haya mama, kapike."

Mume wangu alikuwa keshaanza kunyanyuka. Nikamwambia akae, avute kiti mpaka jikoni, amenye vitunguu. Majibu yake ya dakika tano nlikuwa nimeyaweka yote kifuani, na nlimpa moja moja, mpaka wali ukaiva.