Viungo Ambavyo Rukunda Hakuvifunga

Rukunda alitiwa kizuizini na kuitwa muuaji kwa sababu ya viungo vya bomba ambavyo mkono wake haukuvifunga. Ninalisema hili kabla ya jingine lolote, kwa kuwa mji wetu wa Baraka ulilibeba jina lake pamoja na uongo huo kwa miaka, na uongo uliokwisha kuzoeleka hauhitaji msemaji, hujisema wenyewe.

Alizaliwa milimani, katika ukoo wa wafugaji, akajifunza ufundi wa umeme Uvira. Mwaka 1978 alikabidhiwa kazi ya kutandaza umeme wa jenereta katika nyumba ya uzazi ya Baraka. Nyaya zilipita ndani ya mabomba ya chuma, na mabomba hayo yenyewe ndiyo yaliyokuwa njia ya kuurudisha umeme uliopotoka: waya ukichubuka, umeme ungekimbia kupitia chuma, fyuzi ikakatika, mtu akasalimika. Lakini lazima chuma kiguse chuma tangu mwanzo hadi mwisho.

Mabomba yalikuwa yamevushwa ziwani kutoka Kigoma. Masanduku ya kuungia yalikuwa ya Wabelgiji, yaliyosalia ghalani. Kwa macho, matundu na mabomba yalilingana. Rukunda hakuyaamini macho. Alimwendea Georgette, mfua nguo wa nyumba ya uzazi, ambaye sheria ya 1972 ya kukataza majina ya Kizungu ilimwondolea jina hilo kwenye karatasi lakini si vinywani mwetu, akamwomba kipande cha sabuni. Akagandamiza juu yake meno ya bomba la Kigoma. Kando yake, meno ya kipande cha bomba la zamani alichokichomoa kwenye sanduku la Kibelgiji. Alama hazikulingana. Meno ya upande mmoja yalisongamana kuliko ya upande wa pili.

"Sabuni yangu inarudia na kuumwa meno," Georgette akasema. "Papa Rukunda, kwenu hawapikake?"

"Wanapika, Mama. Lakini Mukandori hajue kupika sabuni."

Mukandori ni mkewe. Georgette alicheka mpaka akaweka beseni chini, kisha akamwachia kile kipande.

Casimir, fundi wa mitumbwi aliyeajiriwa kuinua mabomba, alijaribu kukaza kiungo kimoja. Bomba liliingia mizunguko miwili, likagoma. Rukunda akasema atapanda Fizi, mji ulioko juu mlimani.

"Mi nafungaka mitumbwi yenye kupasuka kuliko hii," akasema. "Kidude hiki ndiyo kinakupandisha Fizi?"

"Haiingiane, Casimir. Iko na meno ingine. Fizi kuko mucuruzi wa duka mwenye manshoni, bomba fupi za kuungia, za meno mbili, huku ya Kigoma, huku ya Wabelgiji. Ngoja mpaka nirudie huku."

Hakueleza zaidi. Alisema hazilingani, hakusema kwa nini chuma lazima kiguse chuma. Akaifunga sabuni katika kitambaa, akapanda mlima, na huko dukani akachagua vipande vya bomba ambavyo meno yake yalilala sawa katika alama zile, akajaribia navyo kila manshoni.

Nyuma yake, msimamizi wa kazi alitaka taa ziwake kabla ya tarehe 24 Novemba, sikukuu ya utawala iliyosimamiwa na chama tawala. Casimir akafanya kile ambacho kila fundi wa mitumbwi ufukweni kwetu hukifanya penye ufa. Alizungushia meno ya mabomba nyuzi za nyavu kuukuu zilizoloweshwa mafuta ya mawese na rangi, akashindilia hadi viungo vikatulia. "Kama maji haipite," alimwambia msimamizi, "nini itapita?" Hakudanganya. Ndivyo alivyofundishwa na ziwa.

Taa ziliwaka, watu wakapiga makofi. Kesho yake waya ulichubuka kwenye mdomo wa bomba katika chumba cha kufulia. Umeme ulitafuta njia ya kurudi, ukakuta nyuzi na mafuta mahali pa chuma, fyuzi haikukatika. Bomba likabaki na umeme, kimya, likingoja. Georgette alilishika kwa mkono uliolowa, akafa papo hapo.

Rukunda alirudi na mfuko wa manshoni begani, akakamatwa mlangoni.

"Mufungue viungo," alimwomba msimamizi. "Mutaona chuma hakigusane."

"Sitwayeni," msimamizi akajibu, kwa neno la serikali la kumwita raia, "chama kimekwisha kufurahi. Hatubomoe furaha."

Waya wa chumba cha kufulia ukakatwa, mabomba yote yakapakwa rangi ya kijani, na chumba kikaachwa gizani. Rukunda alishikiliwa hadi mvua zilipokwisha, bila hukumu, kisha akafukuzwa kama anayesamehewa. Nani alimwomba msamaha? Hakuna.

Hakugusa tena umeme. Jenereta iliponguruma alificha viganja kwapani. Kila kitasa cha chuma alikijaribu kwanza kwa mgongo wa vidole, akinong'ona, "Hodi, Mama Georgette." Mukandori anasema haikuwa wazimu, alikuwa akisubiri jibu. Neno lililomrudia usingizini lilikuwa lake mwenyewe, "haiingiane," na baada yake ule ukimya ambao angeweza kuujaza kwa maelezo mafupi tu. Wazazi wa wodini nao walilaza watoto mbali na bomba la kijani. Walisema lina mtu.

Alifariki mwaka 1984, na Casimir alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kwa muda wote huo alinyamaza kwa hofu ya kizuizi kilekile. Miaka miwili baadaye alikuja kwa Mukandori, akabaki amesimama.

"Ile mfuko ya Papa Rukunda iko?"

"Iko. Unaitafutia nini?"

"Ni mi nilifunga vile viungo, Mama. Nataka nivifungue mbele ya watu."

Mukandori hakumkaribisha kiti. Alimletea mfuko. Ndani yake, juu ya manshoni, kilikuwemo kipande cha sabuni kilichokauka kama jiwe, chenye alama mbili zisizolingana.

Tarehe 9 Juni 1986, mbele ya wauguzi na wazazi, viungo vya nyumba ya uzazi ya Baraka vilifunguliwa, nyuzi nyeusi za nyavu zikatolewa, na manshoni alizozichagua Rukunda zikafungwa mahali pake.