Kilomita Nane za Kubembeleza

Binti yetu alitulipia safari ya Japani kwa sababu tulikuwa tumetimiza miaka thelathini ya ndoa, na kwa sababu alikuwa amechoka kusikiliza ugomvi wetu kwenye simu. Sababu ya pili hakuitaja. Alikuja kutoka Blaine Jumapili moja, akaketi kwenye kochi letu hapa Hopkins, Minnesota, na kutuonyesha picha: barabara ya kale ya milimani, imetandikwa mawe, ambayo zamani mabwana wakubwa na wabeba mizigo wao waliipita kwa miguu, wakilala katika miji midogo iliyojengwa njiani kwa ajili yao. Siku hizi watalii huitembea wakimfuata kiongozi.

"Nipande ndege nikatembee?" mume wangu akauliza. "Mimi si natembea kila siku? Ghorofa tatu za wagonjwa pale hospitalini!"

Akajibiwa kwa Kiingereza kwamba hii ni tofauti. Watoto wetu tunawasemesha kwa Kiswahili, wanatujibu kwa Kiingereza, na hakuna anayeshangaa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Mwezi wa kwanza, baridi ikiwa ile ya kugandisha kope, mume wangu alirudi kutoka shifti, akavua mabuti, akasema anarudi Voi. Si kutembea, kuishi. Nyumba ilikuwa tayari. Tulikuwa tumeijenga kwa simu miaka kumi na miwili. Mimi sikutaka. Nyumba iko kwenye boma la mama yake, na kwenye boma hilo mimi ni mgeni anayesubiriwa akosee. Wajukuu wangu wako Blaine. Daktari wa presha yangu yuko dakika tisa kutoka mlangoni. Nikamwambia tungoje miaka mitatu nistaafu. Akasema amengoja vya kutosha.

Kwa hiyo zawadi niliipokea nikiwa na hesabu yangu. Kabla ya kuja Marekani niliuza viatu vya mitumba katika soko la Kongowea kwa miaka minane, na nilijifunza kwamba mtu akikubali kutembea nawe hata hatua kumi, bei inaanza kulegea. Kati ya mji wa Magome na mji wa Tsumago kuna kilomita nane. Hakuna televisheni, hakuna shifti, hakuna pa kukimbilia. Nilipanga kurudi Minnesota na miaka yangu mitatu mkononi.

Tulifanya mazoezi ndani ya jumba la maduka la Maple Grove kwa sababu nje kulikuwa na barafu. Mizunguko sita kila Jumamosi. Walinzi wakatuzoea.

Kundi letu lilikuwa na watu kumi na wawili, sisi wawili tukiwemo, karibu wote wastaafu wa huku kwetu Minnesota, na kiongozi alikuwa wa kumi na tatu. Niliwahesabu mara mbili, maana kwenye safari huachwa yule asiyehesabiwa. Kiongozi alikuwa msichana wa Kijapani, mpole, mwenye Kiingereza safi kuliko changu. Mabegi makubwa yalitangulia kwa gari. Tulipewa onyo moja: milimani kuna dubu, na njiani zimetundikwa kengele, kila anayepita aipige, dubu ajue tunakuja.

Usiku wa kwanza tulilala Magome, katika nyumba ya wageni ya mama mmoja mzee. Asubuhi alitoka nje kutuaga. Akainama. Tukainama. Tukaanza kupanda mawe yale, na nilipogeuka, mama bado amesimama barabarani, anapunga mkono. Nikatembea. Nikageuka tena. Bado yupo, tena amesogea hatua kadhaa kutufuata.

Sasa, mimi nimelelewa. Kwetu mwenyeji akikusindikiza, humwachi arudi peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Unarudi naye kidogo, mnaongea, ndipo mnaachana. Na yule alikuwa mtu mzima, amesimama kwenye ubaridi kwa ajili yangu. Nikamwambia mume wangu, "Ngoja nimrudishe mama wa watu," nikashuka.

Nilimshika mkono mpaka mlangoni kwake. Akacheka, akainama, nami nikainama. Nilipoondoka akatoka tena kunipungia. Nikarudi. Safari hii aliinama zaidi, na usoni niliona wasiwasi. Mara ya tatu kiongozi alikuja mbio.

"Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna. Namsubiri aingie ndani."

"Hawezi kuingia," akasema, akijizuia kucheka. "Ni adabu ya hapa kwetu. Lazima asimame mpaka usionekane."

"Na adabu yetu ni nisiondoke mpaka aingie."

"Basi mtakaa hapa mpaka theluji."

Nikakubali kushindwa. Nikapanda kilima bila kugeuka, ingawa shingo iliniuma kwa kujizuia. Kule juu kundi lilikuwa limesimama linanisubiri, wengine wamekaa kwenye ukuta, wananipigia makofi. Nikawahesabu. Kumi. Nikawahesabu tena.

"Mume wangu yuko wapi?"

Wakatazamana. Mmoja, bibi mwenye fimbo mbili, akasema labda hakusikia. Papo hapo, mbele sana ndani ya msitu, tukasikia kengele ya dubu. Ilipigwa mara moja, sawasawa, kama mtu anayebonyeza saa ya kazini. Watu kumi wasionijua walikuwa wamenisubiri. Mume wa miaka thelathini alikuwa kwenye kengele ya pili.

Nilikaza mwendo nikawatangulia wote, nikamkuta baada ya kilima, kwenye kibanda cha zamani cha chai. Mzee mmoja huwapa wapita njia chai ya moto, bure, kando ya moto wa kuni. Mimi kitu cha bure hukitazama chini na juu kabla ya kukigusa. Mume wangu alikuwa ameketi, kikombe mkononi, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona Hopkins. Wengine walikuwa bado nyuma. Nikaona huu ndio wakati.

"Hukunisubiri."

"Ulikuwa na shughuli zako."

Nikameza hiyo. Muuzaji hagombani na mteja asubuhi. "Baba, mimi nimefikiri. Miaka mitatu ni mingi. Tuseme miwili."

Akanywa chai.

"Mwaka na nusu. Mjukuu aanze shule, tuondoke."

"Mama, usianze."

"Mwaka mmoja. Baba watoto, mwaka mmoja ni nini? Msimu mmoja tu wa baridi!"

"Tiketi nimeshakata. Septemba."

Kuni zikalia. Mzee wa chai akanisogezea kikombe, nikakishika ili mikono ipate kazi.

"Umekata ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Tiketi. Ngapi?"

Akatazama moto. "Moja."

Hapo nilifanya kitu ambacho sokoni sikuwahi kukifanya. Nilishuka mpaka chini kabisa, chini ya faida, chini ya mtaji. Niliacha wajukuu, nikaacha daktari, nikakubali boma la mama yake. "Basi kata ya pili," nikasema. "Nitakuja. Septemba hiyo hiyo."

Nilidhani atafurahi. Hata kujifanya.

"Si lazima, mama," akasema taratibu. "Wewe umezoea kule. Nitakuwa napiga simu."

Nimeuza viatu miaka minane, namjua asiyetaka kiatu. Anayelia ghali anakitaka. Anayekitupa chini kwa hasira anakitaka. Asiyetaka huwa mpole sana. Anakurudishia, anakushukuru, anaenda.

"Kuna mtu?" nikauliza.

"Hakuna mtu. Nataka kukaa kimya tu."

Bora angekuwepo mtu. Mtu ana umri, ana sura, ana kasoro, ningeshindana naye. Kimya utashindana nacho vipi, nawe ndiwe kelele inayokimbiwa?

Kundi likafika, kila mtu akapewa chai. Tulitembea kilomita zilizobaki katika mstari, tukapita maporomoko mawili ya maji ambayo nina picha zake na siyakumbuki. Tsumago ni mji mzuri, wa mbao, hauna hata waya wa umeme unaoonekana. Bibi mwenye fimbo mbili alikuwa amewaambia wote kuhusu miaka thelathini. Wakatusimamisha barabarani tupigwe picha. "Sogeeni! Sogeeni!" wakasema. Tukasogea.

Mwezi wa nane kanisa lilimfanyia mume wangu ibada ya kumuaga. Nilipika pilau ya watu sitini, wakaja themanini, ikatosha. Mchungaji akanisifu kwa moyo wa kumwachia mzee atangulie kuandaa makao, kisha akanipa kipaza sauti niwaambie ndugu nitamfuata lini. Mume wangu akaangalia sahani yake.

"Theluji ikiyeyuka," nikasema.

Wakapiga makofi na vigelegele. Theluji imeyeyuka mara mbili tangu siku ile, na pale kanisani hakuna anayeuliza tena. Wananisalimu kwa mikono miwili, kama mfiwa.