Faranga za Manyovu

Laiti siku ile pale Manyovu ningekataa. Nilikuwa nimeuza maharage ya misimu miwili, na fedha hiyo ilikuwa ada ya binti yangu wa mwisho, aliyekuwa akimalizia kidato cha nne akitaka kwenda chuo cha uuguzi. Mbadilisha fedha mmoja pale mpakani akaniambia, "Mzee wangu, chukua faranga za Burundi sasa zikiwa chini. Zikipanda utanitafuta unishukuru." Nikabadilisha zote.

Nyumbani Kasulu mke wangu alicheka kwa uchungu. "Baba watoto, unamuuliza muuza mbuzi kama mbuzi wake ni mzima? Si ungemuuliza mhasibu wa chama chetu cha akiba! Yule hapati hata senti, ununue usinunue."

Alisema kweli. Lakini mhasibu yule tulikuwa tukisali naye kanisa moja, nami sikutaka mtu anayenifahamu ajue nina kiasi gani. Mgeni nilimwona salama zaidi kwa kuwa hakunijua. Sikufikiri kwamba asiyekujua haoni haya kukupoteza.

Faranga zikaendelea kushuka. Mke wangu akasema nizirudishe upesi, nami kila wiki nikamjibu tusubiri kidogo. Nilipozibadilisha hatimaye kuwa shilingi, hazikufika nusu ya ada, na barua ya chuo ya kumpokea binti yangu ilikuwa imeshakuja.

Binti yangu hakwenda. Leo anauza nyanya sokoni Kibondo, na uuguzi alioutaka aliukosa kwa sababu yangu.