Dobi Anayekamua Nguo za Jirani

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta wa ua, na tayari mwanamume mmoja mwembamba amesimama mbele ya beseni, suruali ameikunja hadi magotini, anakamua shuka. Anaizungusha kama anayesokota kamba, maji yanamwagika kwa mkupuo mmoja. Kisha anaikung'uta hewani na kuianika.

Shuka hiyo si ya mteja. Ni ya jirani yake wa mlango wa mwisho, mkunga mstaafu, ambaye ameketi kwenye kigoda akimsimamia.

"Hapo kati hujakamua," anasema mama huyo.

"Nimekamua, mama."

"Basi mbona inadondosha?"

Dobi anaishusha kambani, anaikamua upya, huku akicheka peke yake.

Hapa uani wanamwita Kunyanzi. Jina alipewa na seremala wa chumba cha pili, aliyesema hajapata kuona mtu anayenyoosha nguo za mtaa mzima ilhali uso wake mwenyewe haujawahi kupigwa pasi. Mwenye jina hakununa. "Jina la utani ni kama chai," anasema. "Hupewi na mtu asiyekutaka kwake."

Alipohamia hapa miaka mitatu iliyopita hakuwa na jina lolote, na hakuna aliyetaka kumpa.

Nyumba ni ya vyumba sita vinavyotazamana, bomba moja, na kamba za nguo zinazokatiza ua kutoka ukuta hadi ukuta. Kunyanzi alijifunza kazi ujanani katika chumba cha kufulia cha hoteli. Hoteli ilipofungwa, aliondoka na pasi ya mkaa na ujuzi wake, akaanza kufua mwenyewe. Riziki yake inafuata mawingu. "Mwezi wa jua napata kodi, chakula, na cha kumtumia mama yangu," anasema. "Mwezi wa mvua napata kodi. Mengine namwachia Mungu."

Kwa kuogopa mawingu, alikuwa akiamka kabla ya wote na kujaza kamba zote. Mke wa dereva, wa chumba cha tatu, alikuwa na mtoto mchanga. Akitoka na nepi alikuta hapana pa kuanika, akazitundika dirishani.

"Nilikuwa nikitoa salamu, inarudi nusu," Kunyanzi anakumbuka. "Sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyewafungia jua."

Akaanza kuacha nafasi kambani. Kisha akatafuta la kuongeza. Alasiri moja wapangaji wengi wakiwa wametoka, mbingu ilibadilika ghafla. Alianua nguo za wateja wake, halafu akaona haya kuziacha za wenzake. Akazianua zote, akazikunja, akaziweka za kila mmoja kwenye kiti chini ya upenu, mbele ya mlango wa mwenyewe.

Mke wa dereva alimshukuru. Seremala alimwambia hajawahi kukunjiwa nguo tangu atoke kwa mama yake. Lakini mkunga aliporudi na kukuta nguo zake zimekunjwa, hadi za ndani, alizichukua, akarudi kambani, akazianika moja moja katika manyunyu.

"Nani kakutuma?" alimuuliza dobi. Hakungoja jibu.

Leo mama huyo halifichi. "Niliona kama mtu ameingia chumbani kwangu bila hodi," anasema.

Asubuhi iliyofuata Kunyanzi alikwenda kusimama mbali kidogo na mlango wake, akapiga hodi. "Mama, jana nilikosea. Nilipaswa kuuliza kwanza."

"Nimesikia," akajibiwa, na mlango ukafungwa.

"Wema hauozi," Kunyanzi anasema, "lakini ukiutupa ovyo, unanuka."

Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kuona jambo ambalo dobi hawezi kulipita. Chini ya nguo za mkunga palikuwa na dimbwi kila mara. Nguo za wengine zilikauka mchana, zake zilidondosha hadi jioni. Akakumbuka zilivyokuwa nzito siku ile alipozianua. Akamtazama mikono, akaona vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi. Mama wa watu alikuwa anafua lakini hawezi kukamua, na hakutaka mtu azishike nguo zake akajua.

Kunyanzi hakujitolea kumkamulia. "Mtu aliyeishi kwa kusaidia wengine, ukimwambia 'nikusaidie' unamvunja," anaeleza. "Nikaona afadhali mimi ndiye nimwombe."

Kila adhuhuri yeye hutoka kupeleka nguo kwa wateja, na lango la ua halifungiki vizuri. Shati la mteja lilikwisha kutoweka mara moja, na alililipa. Akamwendea mkunga tena na hodi yake. "Mama, wewe hukaa mlangoni. Nikitoka, naomba unitupie jicho kambani."

Mkunga aliitazama kamba, kisha lango. "Nitaangalia. Lakini mimi si askari wako."

Akaangalia. Kunyanzi akirudi, anapewa habari: fulani alipita, paka alilala juu ya beseni, upepo ulidondosha soksi. Mazungumzo yakarefuka. Hatimaye, asubuhi moja, mkunga alikuja akiburuta ndoo yenye blanketi lililoloa chepechepe, akaiweka miguuni pa dobi.

"Mikono hii imepokea watoto wa nusu ya mtaa huu," anasema, akiigeuza mapajani. "Ikashindwa na blanketi. Nilijisikia vibaya sana. Yeye akalikamua, akaanza kuniuliza habari za bei ya sabuni. Hapo ndipo nilipompenda."

Kilichofuata kinasimuliwa na wapangaji wote, na kila mmoja ana sehemu yake. Kunyanzi alikuwa amepewa nguo za harusi: mashati meupe na magauni ya wasimamizi, ya kuchukuliwa jioni ileile. Aliyaanika, akaenda kupeleka mzigo mwingine mbali. Akiwa huko, mvua ya upepo ikashuka.

"Nikajua nimekwisha," anasema. "Gauni moja tu likichafuka, sina cha kulilipa."

Alirudi mbio. Alipoingia langoni, kamba zilikuwa tupu. Kisha akasikia sauti kutoka chumba cha mwisho.

Mkunga, ambaye hana nguvu ya kubana hata kibanio, alikuwa amezunguka ua akigonga kila mlango kwa fimbo ya ufagio. Akawagawia kazi kama yuko zamu wodini: wewe mashati, wewe magauni, usikunje, beba hivyohivyo. Nguo zilikuwa zimetandazwa kitandani kwake, juu ya viti, juu ya meza. Seremala alisimama pembeni amekumbatia gauni lililofungwa katika kanga, akiogopa kuliweka chini.

"Mikono yangu ilikuwa na vanishi," anajitetea. "Mama alisema nikiligusa nitamjua."

Hawakuweza kutoka mpaka mvua ikatike. Mke wa dereva akapika chai. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa ua huo kukaa chumba kimoja.

Siku hizi kamba ya karibu na chumba cha tatu ni ya nepi, haiguswi. Anayetoka husema, "Nguo zangu ziko nje," na hiyo inatosha kuwa ruhusa. Seremala ametengeneza mguu wa meza ya kupigia pasi. Kijana wa chumba cha kwanza peke yake ndiye bado anapita kimya. "Huyo bado," Kunyanzi anasema. "Nami sina haraka."

Sasa wapangaji wanapanga kuezeka mabati juu ya sehemu ya ua, ili nguo zikauke hata masika. Mwenye nyumba amekubali, mradi wajenge wenyewe. Seremala atatoa nguzo. Kunyanzi ameomba jambo moja zaidi: benchi refu chini ya paa hilo.

Mwandishi anapomuuliza dobi ana muda gani wa kukaa kwenye benchi, anapangusa mikono kwenye suruali na kutazama mbingu, ambayo leo ni safi.

"Maisha yangu yote mvua naikimbia," anasema. "Nataka siku moja nikae na jirani zangu, niitazame tu inavyonyesha."