Mwaka Tuliomshitaki Mwenye Nyumba

Niliteremka kutoka milima ya Amani nikiwa bibi harusi wa miezi miwili, nikiamini kwamba mjini watu wanakaa raha. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli hapo Tanga, na alikuwa amenipangia chumba Ngamiani, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Aliniandikia barua akakisifu chumba hicho mno. Alisifu mlango, alisifu dirisha, alisifu jirani. Paa hakulitaja, na mimi nilikuwa mjinga, sikuuliza.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kidigo, mjane, mwembamba, mwenye sauti iliyofika uani kabla yake. Hakuwa na mali nyingine duniani ila nyumba hiyo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alikaa chumba cha mbele ili aone nani anaingia na nani anatoka, vyumba vingine akavipangisha. Wote tulimwita Mama. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kilemba mpaka kidole cha mguu, akaniuliza kama sisi wa milimani tunajua kupika samaki. Nikamjibu kwamba tunajua kumla. Akacheka, na tangu siku hiyo tukaelewana.

Nilikitaka kitanda kikae chini ya dirisha, nipate upepo. Mume wangu akasema kitakaa ukuta wa pili. Mvua za vuli zilipoanza ndipo nilipofahamu kwa nini. Makuti ya paa lile yalikuwa yameoza, na mvua ikinyesha kila mpangaji alikuwa na sufuria zake za kukingia. Mama naye alipita chumba hadi chumba na sufuria mbili za akiba, akizitega panapozidi kuvuja. Kitanda chetu kilitembea chumba kizima. Tulilala mashariki, tukalala magharibi, na mara moja tulilala tumekiegemeza mlangoni, hata aliyetaka kutoka ilibidi apitie dirishani.

Ningeyacheka yote hayo kama nisingekuwa mja mzito. Nilipohesabu miezi niliona mtoto wangu wa kwanza atazaliwa masika, wakati mvua ya Tanga hainyeshi bali inamwagwa. Nililala chali nikitazama juu, nikaiona mbingu. Niliogopa, wala sioni aibu kusema. Na kuhama haikuwezekana. Siku zile chumba hakikupatikana bila kumpa mwenye nyumba kilemba, yaani fedha ya kumlainisha kabla hujaonyeshwa hata mlango. Sheria ilikikataza kilemba, na kila mtu alikitoa.

Basi asubuhi moja Mama akatukusanya uani, akatuambia kwamba kuanzia mwezi ujao kodi ya kila chumba itapanda, ili aweze kuezeka nyumba kwa bati. Mimi nilikuwa tayari kukubali. Mume wangu hakukubali. Alikuwa amesoma tangazo lililobandikwa karibu na boma, akalinakili kwa mkono wake kwenye karatasi aliyoikunja na kuiweka ndani ya Biblia. Tangazo lilisema mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji kwa kukataa nyongeza, mpaka baraza la kodi za nyumba liseme. Aliisoma karatasi ile kila jioni. Nami nilifurahi naye, maana hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya serikali niliyoisikia ikiwa upande wetu. Akapeleka mashitaka.

Msidhani tulinuniana. Kila asubuhi nilitoka chumbani nikampigia Mama shikamoo, naye akaitika marahaba akiivuta mpaka mwisho wa ukumbi, nijue kwamba ameitika lakini hajasahau. Akipika mihogo ya nazi alinipelekea bakuli, kwa sababu mwanamke mwenye mimba hanyimwi kilichomfikia puani. Nilikula mihogo ya mtu niliyemshitaki, na ilikuwa mitamu.

Siku ya baraza nilivaa gauni langu la kanisani. Mama akanisimamisha ukumbini, akanitazama, akarudi chumbani mwake na kutoka na doti ya kanga mpya pamoja na mwavuli wake mweusi.

"Vaa," akasema. "Hakuna mpangaji wangu atakayesimama mbele ya serikali kama mtu asiye na kwao."

Tukaenda wote watatu, mume wangu mbele na karatasi yake, sisi wawili nyuma chini ya mwavuli mmoja, Mama amenishika mkono nisijikwae. Karani wa baraza alituambia washitaki wakae benchi hili na mshitakiwa benchi lile. Mama akamwambia hawezi kuniacha, nina kizunguzungu tangu asubuhi. Karani akaeleza tena, polepole, kama anayemweleza kiziwi. Mama akakaa benchi letu, akatoa kipepeo cha ukili na kuanza kunipepea. Kesi ikasikilizwa hivyo hivyo, washitaki na mshitakiwa bega kwa bega.

Mwenyekiti alisema kodi itabaki ile ile. Mama akishatengeneza nyumba, karani atakuja kuikagua, ndipo baraza lifikirie nyongeza. Mama akasimama.

"Nitengeneze kwa kitu gani, bwana mkubwa? Hiyo kodi ya kutengenezea ndiyo mnayonizuilia."

Mwenyekiti akajibu kwa upole kwamba sheria inaanza na paa, kisha kodi. Mama akashukuru, akakaa, akaendelea kunipepea.

Basi tulishinda. Tukaurudisha ushindi wetu nyumbani, tukaikuta mbingu palepale juu ya kitanda. Mama alipika wali akatuita tule, kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyetia kitu kinywani. Mume wangu alikula akitazama sahani. Tulipoingia chumbani nilimwambia kwamba sheria yake ni nzuri sana, tatizo lake ni moja tu, haina makuti. Mimi nina mdomo, nakiri. Akaikunja karatasi yake, akairudisha ndani ya Biblia.

Aliyetuokoa alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, Mpemba aliyeuza papa mkavu sokoni. Kesho yake alituuliza uani, bati la nini, yakhe? Kwao Pemba alikuwa akiezeka tangu utotoni. Mama alikuwa na ndugu mwenye shamba la minazi njia ya Pangani, makuti yakianguka na kuoza bure. Kilichokosekana ni mikono, na mikono ilikuwa imejaa nyumba nzima.

Mama alikataa katakata. Watu waliomfikisha barazani jana wamfanyie kazi leo, majirani watasema nini? Akaingia chumbani akafunga mlango. Mume wangu akaenda kusimama nje ya mlango ule, yeye ambaye hakupenda maneno.

"Tuliyoikataa ni kodi, Mama. Wewe hatukukukataa."

 Kisha Mama akaongea kutoka ndani, akatwambia tusilete makuti mabovu.

Yaliletwa kwa mkokoteni, yakajaza ua mzima. Kazi ya kushona ikawa ya wanawake. Unachukua kijiti kirefu, unakunja majani juu yake moja baada ya jingine, unayashona kwa uzi wa ukili mpaka yanakuwa kipande cha kuezekea. Nikasema kazi ndogo hiyo, sisi kwetu tunaezeka kila mwaka. Lakini kwetu tunaezeka kwa nyasi, na nyasi hutakiwa ziwe kavu kabisa. Nikachagua majani makavu kuliko yote, nikakaa kivulini tangu asubuhi nikikunja na kushona kwa fahari, nikawapita wote. Kufika adhuhuri niliinua kipande changu cha kwanza niwaonyeshe. Kikaalika chote, majani yakakatikia mikononi, nikabaki nimeshika kijiti.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa hajacheka tangu siku ya kodi, nami nilipoona anafuta machozi kwa upindo wa kanga nilicheka kuliko yeye. Akanikalisha pembeni yake, akanionyesha pipa ambamo makuti hulowekwa siku nzima ndipo yakubali kukunjwa. Kuanzia hapo nilishona karibu naye. Wanawake waliimba, nami nikaitikia maneno nisiyoyajua. Sijapata kufurahi uani kama siku zile.

Jumamosi mbili wanaume wakapanda juu, Mpemba akiongoza, mume wangu akifunga kamba kwa mafundo ya reli yasiyofunguka mpaka leo. Mama alisimama chini akiwapa amri zilizopingana. Jumapili tulisali kwanza, tukarudi kumalizia. Jioni ile nyumba ilinuka makuti mapya, na mimi nilisukuma kitanda mwenyewe mpaka chini ya dirisha.

Kabla masika hayajaanza karani wa baraza akaja na daftari lake. Akatazama juu, akagonga kuta, akauliza nani ametengeneza. Mume wangu akawahi kusema kwamba ametengeneza Mama, na kwamba anastahili nyongeza. Karani akamtambua, akashangaa. Alikuwa ndiye yule mwenye karatasi.

"Usiandike hayo, baba," Mama akasema. "Makuti ya ndugu yangu, mikono ya hawa. Kodi ile ile."

Mume wangu akasisitiza nyongeza. Mama akaikataa. Karani alitulia na kalamu hewani, akasema amezoea kuona ugomvi huu ukienda upande wa pili. Mwishowe akaandika kodi ile ile, akaletewa mbaazi na maandazi, akala.

Uchungu ulinishika asubuhi moja ya mvua kubwa, ile mvua niliyoiogopa miezi yote. Mkunga, jirani yetu wa nyumba ya pili, alikwisha kufika. Mlango ukasukumwa, akaingia Mama na sufuria zake mbili, kama alivyozoea mvua ikianza. Akasimama katikati ya chumba akitazama juu, anangoja. Hata mimi katika maumivu yale nikangoja naye. Mvua ilipiga makuti, ikapiga, ikapiga. Halikudondoka tone.

"Basi hizi nikachemshie maji ya mtoto," akasema, akatoka nazo.

Binti yangu alizaliwa kabla ya adhana ya adhuhuri, chini ya dirisha, na kitanda hakikusogezwa.