Nililipa jina langu litajwe kwenye wimbo, sasa nalazimishwa kulikana

Admin, nakuomba ufiche jina langu kabisa. Najua mutacheka, maana mimi mwenyewe ndiye niliyetoa pesa ili jina hilohilo lisikike Kisangani nzima. Cheka ukimaliza, lakini lifiche.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, nina mume na watoto watano. Nina atelier ya kuchomelea milango na madirisha ya chuma, yenye mafundi wanane. Nilianza na mikate ya kukaanga kule bandarini, sikurithi hata msumari. Nikihesabu vinywa vinavyokula kwa ule moto wa chuma, vyangu na vya mafundi, vinafika arobaini na tatu. Hesabu hiyo muikumbuke.

Mwaka jana alikuja mwanamuziki mmoja wa mtaa wetu. Si ndugu yangu, lakini ananiita mama. Huku kwetu, mfanyabiashara akitaka kujulikana, anamlipa mwanamuziki amtaje katikati ya wimbo. Tunaita kutupa libanga. Akaniambia, “Mama, niko natengeneza wimbo mupya. Mushindani yako wa ng’ambo ya mto amesha nunua jina mara mbili. Weye utabakia nje?”

Hapo ndipo aliponipata. “Mara mbili?” nikasema. “Basi mimi mara ine. Na sauti ikuwe wazi!” Nikadai tuandike karatasi, kwa sababu mimi sifanyi kazi ya mdomo. Tukaandika: mara nne, jina na kazi yangu. Tukasaini wote wawili, nikapiga na muhuri wa atelier.

Bado tunaongea, courant, yaani umeme, ikakatika. Mara ya tatu siku ile. Mafundi wote wanane wakaweka vyuma chini. Nilikasirika, nikapiga kelele: “Barrage ya umeme iko pale, maji yake tunaisikia na masikio, na sisi tunakaa mu giza! Hii courant inaendaka kulala kwa nani?” Mafundi wakacheka. Mwanamuziki naye akacheka, akaandika kitu kwenye simu yake. Sikujali.

Kabla wimbo haujatoka, alinitumia nisikilize. Ndugu zangu, mimi ninayehesabu kila chuma kinachoshuka kwenye gari, nilisikiliza sehemu nne tu. Jina liko, gitaa haliifuniki sauti, bon, nikamwambia sawa. Mengine nikayaruka. Nilijua ni mambo ya mapenzi, kama kawaida yake.

Haikuwa mapenzi. Wimbo ule unawataja wakubwa wa hapa, mmoja kwa cheo chake, mwingine kwa tumbo lake, unaeleza nyumba zao zinavyowaka taa usiku kucha. Na kila anayeitikia anaimba: hii courant inaendaka kulala kwa nani? Maneno yangu. Watoto wanaimba wakienda shule, mama wa samaki wanaimba sokoni. Mama mmoja wa Yanonge aliniletea samaki bure, akanishika mikono: “Mama, hata weye mwenye mali umesema! Mungu akulinde.” Nilikula yule samaki kwa shida.

Wiki mbili baadaye wimbo ukakatazwa, mwanamuziki akajificha. Watu wa ofisi fulani wakaja wakafunga mlango wa atelier kwa karatasi yenye muhuri, wakaniita. Mkubwa wao ni papa mpole, mzee asiyefoka. Akaweka wimbo kwenye simu, akausimamisha kila nilipotajwa.

“Mama, huyu mutu anatukana, anapumua, anaita jina yako, anatukana tena. Mara ine. Unataka tuelewe nini?”

“Papa, mimi nililipia jina. Sikulipia maneno.”

“Ah! Donc ni rahisi.” Akanisogezea karatasi. Imeandikwa kwamba sikumlipa mwanamuziki, sikumjua, alinitaja bila ruhusa, na kwamba mimi ndiye ninayemshitaki. Nikisaini, mlango unafunguliwa siku ileile. Na yeye atatafutwa kwa shitaka langu mimi.

Mume wangu anasema nisaini. “Mama watoto, wimbo utaisha. Njaa haiishake.” Binti yangu mkubwa, mwanafunzi wa chuo, alisikia akatoka mezani. Hasemi na mimi tangu Jumapili. Mafundi hawanilaumu, wananipigia tu kila asubuhi: “Mama, leo?” Nawaambia bado.

Hasira ninayo kwa yule mwanamuziki, sifichi. Angeniambia! Ningenunua jina kwenye wimbo wa harusi, nikalala vizuri. Nilipojiandaa kumtukana, alinipigia kwa namba ngeni, kutoka alikojificha.

“Mama, najua banakusumbua. Ile karatasi yetu ya muhuri niko nayo. Sitaionyesha mutu. Sema chenye utasema.”

Nikafunga mlango wa chumba, mume wangu asisikie.

“Na ile ya courant,” akasema, “hakuna mutu anajua ni weye ulisema. Nitasema ni mimi.”

Akakata. Heri angenitisha. Mtu akinitisha najua kumjibu.

Sasa tazameni hesabu yangu. Upande mmoja, vinywa arobaini na tatu. Upande mwingine, mtu mmoja ambaye kosa lake ni kuandika nilichosema na kutaja jina nililomlipa alitaje. Arobaini na tatu kwa mmoja, mtoto wa shule ya msingi angejibu haraka. Mimi nimeishi kwa hesabu maisha yangu yote, na hii nimeifanya siku tisa haitoki.

Ijumaa saa tatu natakiwa ofisini. Musiniandikie niombe, naomba tayari. Musiniandikie nihame, atelier haibebeki kichwani. Niambieni wazi, kama ingekuwa ni mkono wenu: ile karatasi niisaini, au nisiisaini?